Shangazi Hajaona Mwisho

Msusi alikuwa kwenye safu ya mwisho ya rola, pale juu ya shingo ambapo nywele za muuguzi zilikuwa fupi na kaidi, wakati shangazi marehemu wa huyo msusi aliposukuma mlango wa saluni, akajipangusa viatu kwenye zulia, akaketi kwenye benchi la wanaosubiri.

"Hamjambo humu," alisema shangazi. "Nani kati yenu anajua sinema moja hivi, ina mwanamke ana koti?"

"Zenye wanawake wa makoti ni nyingi," alisema muuguzi bila kugeuka, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeshikwa.

Msusi alikuwa na pini mdomoni. Alizitemea kiganjani ndipo akaamkia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kaka? Mdomo ni ule ule. Samahani kuwaingilia kazini. Nilianzia posta, wakaniambia mambo ya namna hii niulize saluni."

Msusi hakuwahi kumwona ila kwenye picha ya ukutani kwa baba yake. Gauni lilikuwa lile lile la maua makubwa, na nywele zilikuwa zimesetiwa kwa mtindo ambao siku hizi hakuna mteja anayeuomba. Shangazi alifariki akiwa msichana, kabla msusi hajazaliwa, na alikuwa bado msichana. Mtu asiyejua angedhani msusi ndiye shangazi na huyu mwingine ni mpwa wake aliyetoka chuoni. Alinukia moshi, lakini si zaidi ya mtu aliyekaa karibu na jiko.

Alifia kwenye jumba la sinema la mjini, lililoungua alasiri moja likiwa limejaa watu. Habari hizo hazikuwa siri. Ripoti ya serikali ilisema sinema ilikuwa imekwisha, milango ilikuwa wazi, watu walikuwa wakitoka, na kwamba kusukumana kwao wenyewe ndiko kulikowaponza. Baba yake msusi aliisoma ripoti ile akaikubali, kwa sababu ilimwachia kitu kimoja cha kushika: sinema ya siku hiyo ilikuwa ya kuchekesha. Basi dada yake alikufa akiwa ametoka kucheka. Aliwaambia hivyo wageni miaka yote, na wageni walitikisa vichwa kwa upole wakaomba chai nyingine.

"Haya, tueleze," alisema muuguzi. "Mimi sinema nimeangalia nyingi. Zamu za usiku ni ndefu."

Shangazi alijiweka sawa kwenye benchi. Haikuchukua muda kugundua kwamba hakujaliwa kusimulia.

"Kuna mwanamke anashuka kwenye treni. Ana koti. Anapokewa na mwanamume mwenye masharubu. Si yule mwenye masharubu mazuri, huyo anakuja baadaye. Sasa huyu mwanamke amekuja kuolewa, lakini mume hamjui hata kwa picha. Huyu wa masharubu anamwambia, ndiye mimi. Kumbe siye."

"Ni nani?"

"Mdogo wake. Mume mwenyewe yuko jela. Au baharini. Hapo karanga zangu zilikuwa zimemwagika, nilikuwa nimeinama."

"Kwa hiyo anamdanganya."

"Anamdanganya, lakini vizuri. Anamtengenezea dirisha. Kuna wimbo. Halafu siku ya harusi, ukumbi umejaa, bibi harusi ana shela, mara mlango wa nyuma unafunguka na yule mwenye masharubu mazuri amesimama pale, kofia mkononi. Bibi harusi anageuka. Anafungua mdomo."

Msusi aliacha rola hewani. "Halafu?"

"Halafu sijui. Hapo ndipo nilipofia."

"Inaitwaje?" aliuliza muuguzi.

"Sasa si ndiyo nauliza? Niliingia jina limeshapita. Mwenye tochi alinipeleka mpaka kwenye kiti akaniambia ninyamaze, na mimi sikuwa nimesema neno."

Muuguzi alisema anaijua, ni ile ya daktari wa mifugo. Shangazi akasema humo hamkuwa na mifugo. Muuguzi akasema basi ni ile ya mapacha, na shangazi akasema wale hawakufanana hata kidogo, ndiyo maana ya masharubu. Shangazi alipoondoka giza likiwa linaanza kuingia, msusi alipitisha mkono kwenye benchi. Lilikuwa na vuguvugu.

Tangu siku hiyo shangazi alikuja kila alasiri, saa zile ambazo zamani jumba la sinema lilikuwa likianza kuuza tiketi. Wateja walizoea. Ukiketi benchi moja naye ulitakiwa kutaja sinema moja angalau, na kila mtu alitaja aliyokuwa nayo moyoni. Mwalimu aliyeachwa na mumewe alitaja zile ambazo mume hurudi. Mama mkwe wa fundi bomba alitaja zile ambazo mkwe hufa. Shangazi alisikiliza zote hadi mwisho kwa adabu, akasema ni nzuri, ila siyo. Wakati mwingine alikumbuka kitu kipya, na watu waliacha draya zao kusikiliza. Kulikuwa na saa mbovu pale stesheni. Kulikuwa na mtoto aliyekula sabuni. Yule mwanamke hakuwahi kulivua koti lake, hata ndani ya nyumba.

"Baridi?" aliuliza muuguzi, ambaye sasa alikuwa akija hata kama nywele zake hazikuwa na shida.

"Nadhani hakuwa ameamua kukaa," alisema shangazi.

Mteja wa kila Alhamisi alikuwa mke wa Mwenyekiti. Huyo mumewe aliitwa Mwenyekiti kwa sababu kila kamati mjini iliyokuwa na kiti, yeye alikikalia. Jumba la sinema lilikuwa lake. Baada ya moto alijenga supamaketi pale pale, na ile safu ya vyumba vya biashara ambamo saluni ilikuwa kimoja ilikuwa yake pia. Mkewe alikuwa mwanamke mpole aliyependa kusinzia chini ya draya. Naye alitaja sinema zake kama wengine, na mara mbili tatu alikaribia.

Baba alichelewa kuja. Alisema ana kifua, kisha akasema ana mgeni, kisha akanyoa ndevu, akavaa koti lake la kutokea, akaja. Alisimama mlangoni akimtazama dada yake, naye akimtazama.

"Kaka," alisema shangazi, "umezeeka."

"Nimezeeka. Wewe hujabadilika."

"Mimi sikupata nafasi."

Aliketi kando yake. Msusi aliwasha birika kuchemsha maji ya kuoshea nywele, kwa kuwa bomba la chumba kile lilitoa maji ya baridi tu, na kelele za birika ziliwasaidia wale wawili kuwa kimya bila aibu. Hatimaye baba alikohoa.

"Nasikia unawasumbua watu na sinema. Sinema yako ni ile ya jenerali na mpishi wake. Ya kuchekesha. Bango lilikuwa nje pale, niliona kwa macho yangu."

"Hata mimi bango niliona. Ndiyo niliyokatia tiketi. Haikuonyeshwa."

"Ripoti inasema ilionyeshwa."

"Kaka, kati yangu na ripoti, nani alikuwa ndani?"

Baba alitazama mikono yake. Muuguzi alijifanya anasoma chupa ya shampuu.

"Kwa hiyo hukucheka," alisema baba mwishowe. "Hata kidogo."

Shangazi alimwangalia muda mrefu, jinsi mtu anavyomwangalia mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo.

"Kuna mahali yule wa masharubu anatumbukia kwenye pipa la maji," alisema. "Hapo nilicheka sana."

"Basi," alisema baba. Akafikiri. "Basi vizuri."

Pengine ni kwa ajili ya pipa lile kwamba Alhamisi iliyofuata baba alikwenda kumtafuta Mzee wa Mashine, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya sinema enzi zile. Aliokoka kwa kuwa chumba cha mashine kilikuwa na ngazi yake ya nje. Siku hizi aliishi kwa binti yake na kulea wajukuu. Baba alimleta saluni akiwa amemshika mkono, akamketisha. Shangazi akaanza.

"Kuna mwanamke anashuka kwenye treni. Ana koti."

Mzee wa Mashine aliinua kidole. "Anashuka behewa la mbele au la nyuma?"

"La nyuma. Halafu anatembea sana."

"*Bibi Harusi wa Stesheni*," alisema Mzee wa Mashine.

Saluni nzima ilishusha pumzi. Shangazi alilirudia lile jina taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

"Ile ya jenerali haikufika," Mzee wa Mashine aliendelea. "Mikanda yake ilipotelea njiani. Mwenyekiti akaniambia weka yoyote, watu wameshaingia. Nikaweka hiyo, ndiyo niliyokuwa nayo. Ni ndefu, hiyo. Moto ulipoanza nilikuwa bado na mikanda miwili mezani."

Hapo kila mtu alipiga hesabu ile ile kichwani. Ile ya jenerali ilikuwa fupi. Kama ndiyo iliyoonyeshwa, ilikuwa imekwisha kabla ya moto, na sinema ikiisha milango hufunguliwa. Hii ilikuwa haijaisha. Na sinema ikiwa haijaisha, kila aliyewahi kuingia kwenye jumba lile alijua, milango hufungwa kwa mnyororo kwa nje, wasije wakapenya wasio na tiketi.

"Kwa hiyo mlango ulikuwa umefungwa," alisema baba.

"Si ndivyo nilivyosema?" alisema shangazi.

"Hukusema."

"Nilisema sijaona mwisho."

Baba alimgeukia Mzee wa Mashine. "Na wewe hukuwaambia hao wa ripoti?"

"Niliwangoja waniulize. Mwaka mzima nilikuwa nakaa karibu na mlango nimevaa shati safi. Walimuuliza Mwenyekiti." Alivuta pumzi. "Baadaye nikaanza kuvaa mashati ya kawaida."

Mke wa Mwenyekiti alikuwa ameinua kofia ya draya kutoka masikioni. Nywele zake zilikuwa bado mbichi. Alisema angependa kumaliziwa siku nyingine, akafunga kitambaa, akaondoka akitembea polepole.

Muuguzi alichukua simu yake, akaandika lile jina, na kabla birika halijachemka sinema ilikuwa imepatikana. Ilikuwa nzima, kuanzia treni hadi mwisho. Ilikuwa imekaa humo miaka, mtu yeyote angeweza kuitazama. Muuguzi alitaka waanze papo hapo. Shangazi akakataa.

"Si peke yangu," alisema. "Nina wenzangu. Tuseme Jumamosi."

Ijumaa alasiri Mwenyekiti mwenyewe alikuja. Hakuwa na unywele hata mmoja, lakini aliketi kwenye kiti cha kusukia na kujitazama kwenye kioo, na msusi, kwa mazoea, alimwekea taulo mabegani. Alikuwa mzee nadhifu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kipaza sauti.

"Binti yangu," alisema, "mimi na marehemu hatuna ugomvi. Nawaheshimu. Nimewawekea jiwe la marumaru, kwa gharama zangu. Lakini mtu akianza kusema hajaona mwisho, watu wataanza kuulizana maswali. Kwa faida ya nani?"

Msusi alisema hajui.

"Nina nafasi ndani ya supamaketi, karibu na mlango. Vioo pande tatu. Maji ya moto yanatoka bombani, unafungua tu. Nilikuwa namfikiria mtu wa kumpa." Alinyoosha taulo kifuani. "Mwambie shangazi yako kwamba mwisho aliuona, ila alisahau. Mshtuko humsahaulisha mtu, hilo hata muuguzi wako atakwambia. Msimulie mwisho wowote mzuri. Si ndicho anachokitafuta, mwisho?"

"Na nisipomwambia?"

"Nani amezungumzia hayo? Mimi nimetaja maji ya moto tu."

Hapo shangazi akaingia, akajipangusa viatu. Mwenyekiti alimsalimu kama mgeni rasmi, akamwambia amefurahi kumwona amekaa vile vile. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuachia wengine kazi anayoweza kuifanya mwenyewe, alianza kumsimulia mwisho wa sinema ya jenerali na mpishi. Alisimulia vizuri, kwa mikono na sauti mbalimbali. Jenerali alitumbukia kwenye sufuria. Mpishi alipewa nishani. Shangazi alicheka mahali pote panapostahili.

"Ni nzuri," alisema. "Siyo yangu."

"Ilikuwa imekwisha, binti. Mlango ulikuwa wazi."

"Ulikuwa umefungwa."

"Wazi."

"Nilikuwa wa pili kuufikia."

Mwenyekiti aliwaza. "Huenda uliusukuma badala ya kuuvuta."

Shangazi naye aliwaza, kwa haki, akitazama dari. "Nilifanya yote mawili," alisema.

Walibaki hivyo kidogo, kama majirani wawili wanaobishania mpaka wa shamba kwa mara ya mia na wala hawategemei kuumaliza leo. Mwenyekiti alitazama saa yake, akamrudishia msusi taulo likiwa limekunjwa, akasema, "Fikiria," akatoka.

Msusi alifikiri. Alikuwa na mikono iliyopasuka kwa maji baridi na bega lililomuuma kwa kuinua birika. Aliwaza vioo pande tatu. Aliwaza pia jinsi jambo lenyewe lilivyo jepesi, sentensi moja tu, na msikilizaji ni mtu aliyekwisha kufa ambaye hata hatalipwa fidia. Alifagia nywele zilizokuwa sakafuni, kisha akafagia mahali ambapo hapakuwa na nywele.

"Shangazi," alisema. "Ningekwambia huo mwisho ninavyoujua mimi, ungeniamini?"

"Ningekuamini. Wewe si mtoto wa kaka?"

Msusi aliegemeza ufagio ukutani. "Basi kesho njoo mapema," alisema. "Viti ni vichache."

Jumamosi alifunga saluni kwa wateja na kuleta televisheni ya nyumbani, akaiweka juu ya kabati la dawa za nywele. Waliokufa walikuja kwa makundi, wakiwa wamevaa nguo zao za kutokea, kila mmoja na kipande chake cha tiketi. Walijaa kwenye mabenchi, chini ya draya, kwenye ukingo wa karo. Walikuwemo akina mama na vitoto mapajani, vijana wawili waliokuwa wametoroka kazini siku ile na bado walikuwa na wasiwasi wa kuonekana, na bwana mmoja mrefu ambaye kila aliyeketi nyuma yake alimwomba ainame. Mwenye tochi aliwaonyesha mahali pa kukaa mmoja mmoja, akawaambia wanyamaze, ingawa hakuna aliyekuwa akizungumza. Walio hai walikuwa baba, Mzee wa Mashine, muuguzi, msusi, na mke wa Mwenyekiti, aliyeingia kwa mlango wa uani na mfuko wa karanga na kuketi nyuma kabisa, pembeni. Msusi aliacha mlango wa barabarani wazi kabisa, akauwekea tofali. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo, lakini waliuangalia walipokuwa wakiketi.

Muuguzi alitaka kuanzia pale ukumbini, kuokoa muda. Shangazi akasema hapana, waanze na jina. Jina likatokea kwa herufi kubwa, akalisoma kwa sauti, na mwenye tochi akamwambia anyamaze.

Sinema ilikwenda kama alivyoisimulia, ila ilieleweka. Mume hakuwa jela wala baharini. Alikuwa hospitali, mbali. Mtoto alikula sabuni. Yule mdogo mtu alitumbukia kwenye pipa, na saluni nzima ikacheka, wafu na wazima, na katikati ya kicheko shangazi aligeuka nyuma kumtazama kaka yake. Baba alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa.

Kisha ukafika ukumbi wa harusi. Waliokufa waliinama mbele wote kwa pamoja, na hewa ikapata joto kidogo. Mlango ukafunguka. Mwenye masharubu mazuri akasimama pale, kofia mkononi. Bibi harusi akageuka. Akafungua mdomo.

"Treni ya kurudi," alisema bibi harusi, "inaondoka saa ngapi?"

Akavua shela, akamkabidhi mtu wa karibu, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akapita katikati ya wale ndugu wawili. Sinema iliendelea kidogo, ikiwaonyesha wale wawili wakila chakula cha harusi bila kutazamana. Kisha ikaandika kwamba imekwisha.

Halafu wale vijana wawili walisema kwamba huo si mwisho, ni ujeuri, na akina mama wakawaambia wangoje waoe kwanza ndipo waseme. Bwana mrefu alisema yeye angechukua aliyetengeneza dirisha. Mabishano yalikuwa makali na yenye furaha, ya watu ambao kwa muda mrefu walikuwa na nusu ya jambo na sasa wanalo zima. Mzee wa Mashine alikaa akiyasikiliza kwa macho yaliyofumbwa. Mke wa Mwenyekiti aligawa karanga, na zilipokwisha akaaga kila mtu kwa mkono, mstari kwa mstari, waliokufa na walio hai.

"Umeridhika?" baba alimuuliza dada yake.

"Ni mzuri. Nisingeufikiria mwenyewe." Alikunja kipande chake cha tiketi. "Ila naona angeaga kwanza."

"Na wewe hukuaga."

"Nilikuwa nimechelewa, kaka."

Baba alitikisa kichwa, akamwambia gauni limemkaa vizuri, kwamba siku ile alitaka kumwambia hivyo, akapitiwa.

Msusi alidhani hawatarudi tena. Jumatatu shangazi akaja kama kawaida, kwa sababu muuguzi alikuwa amemdokeza sinema nyingine inayomhusu mwizi wa piano. Lakini ripoti ilikuwa pale pale, na baba, aliyekuwa ameishi nayo miaka yote ile kwa amani, sasa ilimnyima usingizi. Alikwenda na Mzee wa Mashine kwenye ofisi ya kumbukumbu kuomba irekebishwe. Karani aliwapokea vizuri. Aliuliza jina la sinema linavyoandikwa. Kisha akaeleza kwamba ripoti inaweza kupingwa tu na mtu aliyekuwa ndani ya ukumbi, na Mzee wa Mashine, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa kwenye ngazi ya nje.

Basi kesho yake shangazi alikwenda mwenyewe. Karani alimpa kiti na kumsikiliza mpaka mwisho. Akaomba kitambulisho.

"Kiliungua," alisema shangazi.

"Tunaweza kukutolea kingine. Unaleta tu uthibitisho kwamba uko hai."

"Hapo nitakuwa nakudanganya."

Karani alimshukuru kwa uaminifu wake, akasema ni wachache siku hizi, akamsindikiza hadi mlangoni.

Mwenyekiti hakumfukuza msusi. Nafasi ya vioo pande tatu alimpa muuza simu, akachaguliwa kwenye kamati nyingine, na alipokutana na baba barabarani aliuliza hali ya kifua. Mkewe aliendelea kuja Alhamisi. Hakusinzia tena chini ya draya. Aliketi macho wazi akimtazama shangazi kwenye kioo, na siku moja alisema tu, bila kuulizwa, kwamba nyumbani kwake wanalala vyumba mbalimbali siku hizi. Shangazi alimwambia ajaribu koti.

Alasiri moja shangazi alitaka kuona mahali ilipokuwa skrini. Msusi alivua aproni, wakaenda, na njiani wenzake wakaungana nao kutoka barabara za pembeni mpaka ukawa msafara. Skrini ilikuwa pale ambapo sasa ni majokofu ya maziwa, alieleza shangazi kwa yale aliyosikia kwa wateja, na kiti chake kilikuwa kwenye sabuni. Walifika kwenye supamaketi. Mlango ulikuwa wa vioo, ule unaojifungua wenyewe mtu akiukaribia. Pembeni yake, ukutani, kulikuwa na jiwe la marumaru lenye majina yao, limeng'arishwa vizuri, na chini ya majina palikuwa pameandikwa kwamba walifariki wakitoka, baada ya sinema kwisha. Kila mmoja alitafuta jina lake. Bwana mrefu aligundua lake limekosewa herufi.

Shangazi akauendea mlango. Haukufunguka. Alirudi nyuma hatua kidogo, akauendea tena, akapunga mkono kama alivyoona watu wakifanya. Kile kidude cha juu kilichokuwa kikitazama wateja hakikumwona. Wengine nao walijaribu, mmoja akaruka. Walisimama wote mbele ya kioo, wakitazama ndani, bila haraka.

Msusi alisogea na mlango ukafunguka mara moja. Aliingia, nao ukajifunga nyuma yake kabla mtu mwingine hajapita. Basi akarudi, akasimama katikati kabisa, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na vioo vikabaki vimejitenga pande mbili. Wakaanza kuingia, shangazi mbele, akina mama na vitoto vyao, wale vijana, kila mmoja akimpitia msusi kwa "samahani" ndogo na harufu ya moshi.

Mlinzi wa mlangoni alimjia. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye redio kiunoni.

"Dada, unaingia au unatoka?"

"Nimesimama."

"Hapa hairuhusiwi kusimama. Mlango unatakiwa ujifunge."

"Najua," alisema msusi.

Mlinzi alitazama nyuma ya msusi, nje, kisha akatazama ndani ya duka, kisha akasogea kando kidogo kumpisha mama mwenye mtoto, ambaye alimwamkia naye akaitikia.

"Wamebaki wengi?" aliuliza.

"Bado ni wengi," alisema msusi.